Pini ya USB Imevunjika Kwenye Madabodi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya nimeyaokota mezani kwangu hapa Mwanjelwa, Mbeya, na kwenye simu za watu wa Iringa, Njombe, Tukuyu na Chunya. Mengi yanafanana: mtu ana steshenari, kompyuta moja ya mezani ndiyo inayolisha nyumba, na mlango wa USB wa mbele umekufa katikati ya msimu wa maombi ya mikopo ya wanafunzi. Kama mashine yako bado iko kwenye umeme unaposoma hapa, ruka kwanza uende swali la 4.

## Mambo ya mwanzo

1. Heda ya USB ni kitu gani, na kwa nini ikiharibika mlango wa mbele tu ndio unaokufa?

Milango ya USB ya nyuma imechomewa moja kwa moja kwenye madabodi, yaani bodi kuu ya kompyuta. Ya mbele iko kwenye uso wa kasha, kwa hiyo inafikiwa kwa waya. Pale waya huo unapochomekwa kwenye madabodi ndipo panapoitwa heda: safu mbili za vijiti vyembamba vya chuma vilivyosimama kama meno ya kitana. Kijiti kimoja kikikatika, mlango wa mbele unakosa umeme au mawasiliano, huku wa nyuma ukiendelea na shughuli zake kana kwamba hakuna msiba.

Pembeni mwa heda kuna maandishi madogo kama JUSB1, F_USB au USB910. Kila kampuni ina mwandiko wake. Heda moja huhudumia milango miwili. Shika hilo, maana ndilo linalowaokoa watu wengi kwenye swali la 10.

2. Heda ya pini 9 na ya pini 19 zinatofautianaje?

Ya pini 9 ni ya USB 2.0. Ina nafasi kumi, tano kila safu, na nafasi moja imeachwa wazi makusudi ili plagi isiingie kinyume. Kutoka katikati ya pini moja hadi nyingine ni milimita 2.54, na pini yenyewe ina upana wa milimita 0.64. Ni imara kiasi, unaweza kuikunja na kuinyoosha mara moja bila kuikata.

Ya pini 19 ni ya USB 3.0. Ina nafasi 20, moja wazi, na imezungushiwa ukuta wa plastiki. Pini zake zimebanana, milimita 2 tu kati ya moja na nyingine, na ni nyembamba zaidi, nusu milimita. Halafu waya wake ni mnene na mgumu kama kamba ya katani, unaivuta plagi upande upande kila ukiugusa. Kati ya heda zilizovunjika ninazoletewa, nyingi ni hizi.

Kuna aina ya tatu, ile bapa ya USB-C ya mbele. Hiyo haina vijiti vya kusimama na ukurasa huu hauihusu.

3. Sikuigusa kabisa. Imevunjikaje?

Kuna mtu aliigusa. Mara nyingi ni siku ya kupuliza vumbi. Kiangazi cha huku kinajaza kasha vumbi jekundu, mtu anafungua, anachomoa plagi kwa kuitikisa kulia na kushoto badala ya kuivuta wima, na pini za pembeni zinalala. Anaporudisha plagi, pini iliyolala haiingii tunduni. Inasukumwa chini na kukunjika mara mbili. Chuma kilichokunjwa pale pale mara mbili tatu hukatika.

Lakini kabla hujailaumu heda, tikisa mlango wenyewe wa mbele. Steshenari inayoweka nyimbo kwa madereva wa bajaji inachomeka flashi mara hamsini kwa siku, na ulimi wa ndani ya mlango huchoka au kuvunjika. Ukiona ulimi umelegea au vishaba vyake vimelala, tatizo liko huko mbele na madabodi yako ni nzima.

4. Pini imevunjika na mashine inawaka vizuri. Naweza kuendelea kuitumia?

Unaweza, kwa masharti mawili: kipande kilichokatika umekipata, na pini zilizobaki hazigusani. Kama kipande hujakiona, zima.

Na kuzima maana yake ni kuchomoa waya ukutani. Kompyuta iliyozimwa kwenye Windows bado ina volti 5 za kusubiri ndani ya madabodi, na kwenye bodi nyingi umeme huo unafika hadi kwenye heda ya USB. Chomoa, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kumi hivi ili kilichobaki kiishe.

Sasa tafuta kipande. Laza kasha, mulika kwa tochi ya simu kwa kuinamisha mwanga ili kipande kitoe kivuli, halafu inua kasha na uligonge taratibu juu ya shuka jeupe. Usihangaike na sumaku, pini nyingi ni za aloi ya shaba na hazishikwi. Angalia pia ndani ya matundu ya plagi (swali la 20). Kipande cha milimita sita kikijilaza chini ya kadi au kati ya miguu ya chipu, siku kitakapogusa pasipostahili utalia na bodi nzima.

5. Mashine inawaka, inatoa maandishi kwamba kifaa cha USB kinakula umeme kupita kiasi, inajizima baada ya sekunde 15. Ni hili?

Karibu kila mara ni pini iliyopinda: ya volti 5 imegusa ya ardhi (njia ya kurudia umeme), bodi imeona shoti na inajilinda. Chomoa umeme, chomoa plagi ya mbele kwenye heda, tenganisha pini kwa kibano, washa bila plagi. Ikikubali, bodi ni nzima. Ikiendelea kujizima, chomoa pia kila kitu kilichochomekwa milango ya nyuma. Wakati mwingine mkosaji ni kipanya cha zamani chenye waya uliochubuka.

## Kujua ni pini ipi

6. Nitajuaje ni pini ipi iliyokatika?

Hapa ndipo pa kutumia muda wako. Mtu akifika na kuniambia "fundi, chomea," jibu langu ni kwamba hatuwashi pasi mpaka tujue jina la marehemu.

Kwenye heda ya pini 9, tafuta pengo. Pengo ni nafasi ya 9. Pini ya 1 iko safu ile ile ya pengo, mwisho wa upande mwingine. Namba za witiri ni mlango mmoja, za shufwa ni mlango wa pili:

- 1 na 2: volti 5, waya mwekundu
- 3 na 4: data hasi, waya mweupe
- 5 na 6: data chanya, waya wa kijani
- 7 na 8: ardhi, waya mweusi
- 9: haipo
- 10: kwenye bodi nyingi haina kazi

Rangi hizo ni za kawaida, ila makasha ya bei nafuu huwa na rangi zake. Amini mita ya kupimia umeme kuliko rangi.

Usichanganye heda hii na ya sauti, ambayo pengo lake liko nafasi ya 8, wala ya bandari ya zamani ya COM, ambayo pengo lake liko nafasi ya 10. Na kwenye madabodi za zamani kuna heda ya 1394 (FireWire, aina nyingine ya mlango) yenye pengo pale pale kama la USB, ila ndani yake kuna volti 12. Plagi ya USB inaingia humo bila ubishi na kuunguza kitakachochomekwa. Soma maandishi ya bodi.

7. Na ile ya pini 19?

Pini 1 hadi 10 ziko safu moja, 11 hadi 19 safu ya pili zikirudi, na pengo linatazamana na pini ya 1. Volti 5 ni pini ya 1 na ya 19. Ardhi ni 4, 7, 13 na 16. Data za USB 2.0 ni 8 na 9 kwa mlango wa kwanza, 11 na 12 kwa wa pili. Zilizobaki, yaani 2, 3, 5, 6 na 14, 15, 17, 18, ni njia za kasi kubwa za USB 3.0, ukiacha ya 10 ambayo bodi nyingi haziitumii.

Kwa hiyo dalili zinasema. Flashi ya USB 3.0 inasoma lakini polepole kama ya zamani: umekatika njia ya kasi. Kipanya na kibodi havitambuliki mlango mmoja, wa pili viko sawa: pini ya 8, 9, 11 au 12. Ikikatika ardhi moja, huenda usione tofauti yoyote, kwa sababu nyingine zinaubeba mzigo.

8. Imekatika pini ya 10 kwenye heda ya pini 9. Nifanye nini?

Funga kasha, rudi kazini.

Nafasi ya 9 nayo, ile tupu, haikuvunjika. Ilizaliwa hivyo. Kuna kijana alitoka Vwawa na bodi mkononi kwa ajili ya pini ambayo haijawahi kuwepo.

9. Haijakatika, imelala tu. Nainyooshaje?

Chukua penseli ya kubofya, ile ya risasi nyembamba, toa risasi, uvike mdomo wake wa chuma juu ya pini kama kofia. Kama mdomo ni mwembamba sana, mrija wa wino wa biki uliokauka nao hufaa. Inua kwa nyuzi chache, pumzika, inua tena. Lengo ni kuinyoosha kwa mwendo mmoja wa kwenda juu, usiirudishe nyuma na mbele, kwa sababu kila ukirudisha unaikaribisha kukatika. Ikibaki imeinama kidogo lakini plagi inaingia, iache.

Kwa pini 19 tumia kibano chembamba, kaa juani au chini ya taa kali, na uweke kiwiko mezani. Mkono unaoning'inia hewani unatetemeka.

## Njia za kukwepa bila kuchomea

10. Njia rahisi kabisa ni ipi?

Tumia kilichobaki. Kama pini iliyokatika ni ya witiri, mlango wa shufwa bado unafanya kazi. Mteja wangu mmoja, mama mwenye steshenari Kabwe, amekaa miaka miwili na mlango mmoja wa mbele; ule mwingine tuliuziba kwa selotepu nyeusi ili wafanyakazi wasipoteze muda kuujaribu. Hakulipa hata senti ya risasi ya kuchomea.

Pili, tazama kama bodi ina heda nyingine ya aina ile ile. Bodi nyingi za ukubwa wa kawaida zina mbili za pini 9, na moja imelala bure tangu kiwandani. Hamisha plagi.

Tatu, nunua waya wa kurefusha USB, uchomeke nyuma, upitishe pembeni ya meza, uubane mbele ya kasha. Haupendezi, ila unafanya kazi leo hii, na waya ukichoka unatupa wa elfu chache badala ya madabodi.

11. Heda yangu ya pini 19 imekufa lakini ya pini 9 ipo. Naweza kuunganisha?

Ndiyo. Kuna kigeuzi kidogo, upande mmoja kinachomekwa kwenye heda ya pini 9 na upande wa pili kinapokea plagi ile nene ya pini 19. Milango ya mbele itafanya kazi kwa kasi ya USB 2.0. Kwa kuprinti barua na kuskani vyeti huoni tofauti. Kwa kuhamisha video za harusi utaiona, maana USB 2.0 inaishia megabiti 480 kwa sekunde wakati USB 3.0 inafika gigabiti 5.

Kumbuka umeme pia. Mlango wa USB 2.0 umepimiwa miliampia 500, wa USB 3.0 miliampia 900. Kwa hiyo diski ya nje isiyo na umeme wake inaweza kugoma au kulialia. Ihamishie mlango wa nyuma.

12. Nataka kasi yangu irudi, na sitaki mtu achome bodi yangu.

Nunua kadi ya PCI Express ya USB 3.0 yenye heda ya pini 19 juu yake. Inaingia kwenye nafasi ndogo kabisa ya madabodi, na plagi ya mbele unaichomeka kwenye kadi. Baadhi zinadai waya wa umeme kutoka pawa saplai. Usiuache, la sivyo milango itaonekana hai lakini diski hazitazunguka. Mwanjelwa hazipatikani kila siku. Kwa kawaida naagiza Kariakoo, inapakiwa basi la jioni na kupanda Kitonga usiku.

Kama una pini 19 iliyovunjika kwenye bodi nzuri, hii ndiyo njia ninayoipendekeza kuliko kuchomea. Sababu iko swali la 15.

13. Yangu ni mashine ya mtumba ya kampuni, Dell au HP. Haya yote yanahusika?

Kwa sehemu. Mashine za kampuni mara nyingi huwa na heda zenye mpangilio wao, na hata waya wa mbele hauingiliani na wa kasha la kawaida. Usitumie orodha ya swali la 6 kwa mazoea. Pima kila pini kwa mita, au tafuta kitabu cha modeli hiyo. Uzuri ni kwamba mashine hizi huja nyingi, kwa hiyo bodi mbovu ya modeli ile ile ya kutoa heda huwa haiko mbali.

## Kuchomea

14. Naweza kuchomea mwenyewe? Nina pasi ya kuchomea redio.

Umeshawahi kuchomea bodi yenye tabaka nyingi? Bodi ya redio ina shaba upande mmoja au miwili. Madabodi ina tabaka nne, sita au zaidi, na tabaka za ardhi humo ndani zinanyonya joto kama sponji. Unagusa pini ya ardhi, risasi haiyeyuki, unazidisha nguvu, na kinachong'oka ni utepe wa shaba ndani ya tundu. Hapo pini imekuwa tatizo dogo.

Kama hujawahi, jifunze kwenye bodi iliyokufa. Kila fundi ana rundo. Toa pini tano, rudisha tano. Ya tano ikitoka safi, jaribu yako.

15. Ni pini zipi zinastahili kuchomewa?

Za heda ya pini 9, zote zinastahili. Za pini 19, umeme, ardhi na data za USB 2.0 zinastahili. Njia za kasi kubwa sizipendi: ni jozi zinazopaswa kuwa na urefu sawa na umbo sawa, na kasoro ndogo ya risasi inatosha kufanya diski ikate na kurudi. Inawezekana, kwa kubadilisha heda nzima kwa mashine ya hewa ya moto na mkono uliozoea. Ila kwa gharama hiyo, kadi ya swali la 12 inakupa usingizi.

16. Hatua za kubadilisha pini moja ya heda ya pini 9 ni zipi?

Toa madabodi nje ya kasha. Nasema toa. Watu hujaribu kuchomea kwa juu bodi ikiwa ndani, wanayeyusha plastiki ya heda na pini nane zilizokuwa nzima zinaegemeana kama walevi. Ondoa betri ndogo ya duara, ondoa ramu.

Geuza bodi, hesabu pini mara mbili kwa nyuma, kwa sababu ukigeuza bodi kushoto kunakuwa kulia. Weka alama ya kalamu kwenye ile unayoitaka. Nilishawahi kutoa pini nzima nikaiacha mbovu, mteja akiwa amesimama mbele yangu, na sikuwa na wa kumsingizia.

Risasi ya kiwandani ya bodi za sasa haina madini ya risasi ndani yake na huyeyuka karibu nyuzi 217 za Selsiasi. Ile ya rola yenye bati na risasi huyeyuka karibu nyuzi 183. Kwa hiyo paka flaksi (dawa ya kusaidia risasi kushika), ongeza kidogo ya rola juu ya ile ya kiwandani. Zikichanganyika zinayeyuka mapema na bodi haiteseki. Pasi iwe na ncha pana, nyuzi 350 hadi 380. Ncha kali kama sindano inaonekana ya kitaalamu lakini haina joto la kutosha kwa pini ya ardhi. Gusa sekunde tatu nne, na mwenzako au kibano cha juu kivute kisiki taratibu. Kikikataa, ondoa pasi, acha bodi ipoe, rudia. Usivute kwa hasira.

Safisha tundu kwa utepe wa shaba wa kunyonya risasi au bomba la kunyonyea, mpaka uone mwanga ukipita. Chukua pini mpya kutoka kwenye safu za pini za milimita 2.54, au kutoka heda ya bodi iliyokufa. Ipitishe kwenye tundu la plastiki ile ile ili ikae wima sawa na wenzake, chomea kwa chini, futa flaksi kwa spiriti.

Kabla ya umeme, mita. Kati ya volti 5 na ardhi kusiwe na mlio wa shoti. Kisha weka mita kwenye alama ya dayodi, ncha nyekundu kwenye ardhi, nyeusi kwenye data hasi halafu data chanya. Namba mbili hizo zinapaswa kukaribiana sana. Moja ikisoma wazi, pini haijashika. Baada ya hapo ndipo uwashe, na volti kati ya pini ya 1 na ya 7 iwe kati ya 4.75 na 5.25. Flashi ya kujaribia iwe ya kutupa, isiwe yenye ripoti ya mtu.

17. Kisiki kimebaki milimita mbili juu. Lazima niking'oe?

Hapana. Waya wa jampa wenye tundu la kike, ukibana vizuri, unaweza kushika kisiki hicho. Au chomea waya mwembamba nyuma ya bodi kwenye mguu wa pini hiyo na uupeleke kwenye waya unaolingana wa plagi. Kwa umeme na ardhi urefu si tatizo kubwa. Kwa data, uwe mfupi kadiri inavyowezekana, sentimita chache, na ikiwa unabadilisha zote mbili, zisokote pamoja na ziwe na urefu sawa. Ukishachomea, ushikilie waya kwa tone la gundi moto ili usivutwe.

18. Jirani aliniambia nichomeke kipande cha sindano. Kinafaa?

Sindano ni ya chuma cha pua au chuma kigumu. Risasi ya kawaida haishiki vizuri, na bila risasi inacheza tunduni mpaka inachomoka na kuangukia ndani. Kama huna kitu kingine mpaka Jumatatu, mguu wa rezista ndogo unashika risasi vizuri na unakaribia unene wa pini. Supagluu nayo usiipake kwenye pini iliyokatika. Haipitishi umeme, na anayekuja baada yako ataichukia siku nzima.

19. Baridi ya huku ina shida yoyote?

Ina mbili. Julai hapa Mbeya, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700, bodi iliyolala dukani asubuhi ni baridi kama bakuli la bati. Pasi inapoteza joto ikigusa tu. Mimi huipasha kwanza kwa draya ya nywele kwa mbali dakika chache, mpaka iwe vuguvugu kwa mgongo wa mkono. Watu wa Njombe na Makete, ongezeni dakika.

Ya pili ni umeme tuli. Hewa ni kavu na kila mtu amevaa sweta. Ukilivua usiku unasikia linatiririka cheche. Cheche hiyo hiyo ikitoka kidoleni kwenda pini ya data inaweza kuua chipu. Vua sweta la manyoya ya plastiki kabla ya kukaa mezani, gusa chuma kilichounganishwa na ardhi, shika bodi kwa kingo.

## Kesi zisizo za kawaida

20. Pini imekatikia ndani ya tundu la plagi.

Kwa upande mmoja ni bahati, kipande hakijapotea. Ingiza sindano ya kushonea pembeni mwake na ukisukume kutoka upande wa waya, au inua kile kilimi cha plastiki cha plagi utoe shaba nzima. Usichomeke plagi hiyo heda nyingine kabla hujatoa kipande. Utalaza pini ya pili.

21. Nimevuta plagi ya pini 19, ukuta wa plastiki umetoka nao.

Chomoa umeme, angalia pini zimesimama ngapi. Kama zote ziko, rudisha ukuta taratibu kwa kuziongoza pini moja moja, na usiichomeke plagi tena mara kwa mara. Kama pini zimetoka pamoja na ukuta, tazama matundu: yakiwa na pete za shaba, fundi anaweza kuweka heda mpya. Yakiwa makavu bila shaba, nenda swali la 12.

22. Kila kitu kimechomewa, data zinasoma sawa, lakini hakuna volti 5.

Karibu na heda kuna fyuzi ndogo bapa, ya aina inayokata ikipata moto na kujirudisha ikipoa. Pima volti upande wake mmoja na mwingine. Zikiwepo upande mmoja tu baada ya bodi kupumzika, imekufa. Ibadilishe kwa yenye kiwango kile kile. Kuunganisha kwa waya juu yake ni kazi ya dakika moja, na nimeona bodi yenye mstari mweusi uliochomeka kuanzia hapo hadi ukingoni kwa sababu ya dakika hiyo.

23. Nilichomeka plagi kinyume na flashi imeungua. Heda bado nzima?

Huenda. Makasha ya zamani yana plagi nyembamba za safu moja, pini nne au tano, zisizo na kizuizi cha kinyume. Ukizigeuza, volti 5 inapita waya wa ardhi na ardhi inapita waya mwekundu. Flashi inapata umeme wa kichwa chini miguu juu na inapata moto mpaka huishiki. Iliwahi kunitokea na flashi ya mteja yenye picha za ubarikio. Tangu hapo kila plagi ya safu moja naiwekea nukta ya rangi ya kucha upande wa volti 5. Pima heda kama ilivyo swali la 16. Mara nyingi bodi hupona.

24. Niko mbali. Naweza kutuma madabodi kwa basi?

Ndiyo, zinakuja kila wiki. Toa feni kubwa ya prosesa kama ni nzito, maana barabarani inayumba na kupasua bodi. Prosesa na kifuniko cha soketi yake viache vimefungwa. Ifunge kwanza kwenye mfuko wa kijivu unaozuia umeme tuli, au karatasi kavu kama huna. Mfuko wa rambo na sponji jeupe hapana. Kisha boksi gumu, na magazeti kwenye kona zote ili bodi isicheze. Mwambie kondakta ni kioo, ukimwambia ni kompyuta atakuuliza maswali na kuiweka chini ya magunia ya viazi vile vile.

Tuma pia waya wa mbele wenyewe, sio bodi peke yake. Andika kwenye karatasi ni heda ipi na ulichokwisha kujaribu. Na kipande cha pini, ukikipata, kibandike kwa selotepu kwenye karatasi hiyo.